Kiasi Kilichonishinda

Kama kuna mtu nyumbani kwako anayeingia chooni na simu akakaa huko mpaka chakula kinapoa, au kama mtu huyo ni wewe mwenyewe, haya nimeyaandika kwa ajili yenu wote wawili. Sina elimu ya kueleza kwa nini kichwa cha binadamu kinashikwa na kamari. Shule niliiacha darasa la sita. Ninachokijua ni jinsi nilivyoumwa, nani alikaa na mimi, na jinsi nilivyobishana na ugonjwa muda mrefu nikitaka uniachie japo kipande kidogo.

Naitwa Hadija. Kwetu ni Ikungi, upande wa pili wa barabara ya Dodoma, nyumba ya mama yangu yenye vyumba viwili na banda la kuku. Nasema kwetu, lakini maisha yangu mengi nimeyaishi kwingine. Nimechambua vitunguu, nimewapikia wajenzi wa barabara, nimefuata warina asali porini nikalala kwenye turubai, nimeuza kuku wa kuchoma stendi ya Singida Mjini. Hakuna aliyenifukuza popote. Nilikuwa naondoka kwa sababu nimeshaona kilichopo, nikataka kuona cha mbele. Mama anasema nilipokuwa mdogo nilikuwa nafukua mbegu shambani kuangalia kama zimeshaota.

Hata kamari niliingia hivyo hivyo. Jirani na jiko langu pale stendi kulikuwa na kibanda chenye mashine za kuchezea, zile za kutumbukiza sarafu. Mimi sikutaka kushinda chochote. Nilitaka kujua inaamuaje. Nikawa natazama wanaocheza, nahesabu taa, najaribu moja, narudi jikoni. Baadaye nikapata simu kubwa, na mchezo ukahamia kwenye kiganja. Sikuhitaji tena kuinuka.

Mwili ndio uliotoa taarifa kwanza. Nilikonda mpaka sketi nikawa naifunga kwa kamba. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa ngumu kama kisigino. Mdomo ulikuwa mkavu muda wote, na nilipokaa mahali pakimya nilisikia ule muziki wa mashine masikioni, wakati hakuna mashine. Nilikuwa nachoma kuku siku nzima na sili hata kipapatio. Nikiambiwa naumwa nilikuwa najibu ni joto la jiko.

Siku iliyonirudisha nyumbani ilikuwa hivi. Kaka yangu Athumani, ambaye ni fundi seremala mjini, alikuja stendi kunitafuta. Alinipita. Alisimama kwenye jiko la jirani yangu akauliza, "Samahani dada, Hadija anayechoma kuku hapa amehama?" Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale juu ya ndoo, nimeinamia simu, nikamsikia. Nikamwita. Aligeuka akanitazama, akatazama tena, kisha akavua koti lake akanivika, ingawa ilikuwa mchana na jua linawaka. Akanipandisha gari mpaka Ikungi.

Kwa mama alikuwepo pia mwanangu, Rehema. Alikuwa analelewa na bibi yake tangu anaanza darasa la kwanza, na baba yake hayupo katika habari hii. Nilipoingia uani alikuwa anamwaga maji ya kuku. Aliniamkia, "Shikamoo mama," akaendelea na kazi. Zamani nikija alikuwa anaruka mpaka ananiangusha.

Wiki hizo za kwanza sizikumbuki vizuri. Nakumbuka jasho, na kulia bila sababu, na mikono isiyojua pa kukaa. Nakumbuka mama akinipa uji wa uwele kwa kikombe kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha kifaranga. Na nakumbuka asubuhi moja nilipougundua ule uji. Sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nakunywa, na ghafla ukawa na ladha, nikamwambia mama, "Leo umeweka nini?" Akasema, "Sijaweka kitu. Ni ule ule."

Athumani ndiye aliyesema twende hospitali. Mama hakukubali. "Hospitali wakamtibu nini? Ana homa? Apunguze tu. Mimi ugoro niliupunguza, sasa natumia mara moja baada ya chakula, kwani nilipelekwa hospitali?"

"Mama, ugoro na hii ni vitu viwili."

"Ni kitu kimoja. Kila kitu kina kiasi."

Nilikwenda, lakini neno la mama niliondoka nalo kichwani. Lilinipendeza. Kiasi. Maana yake sikuwa na haja ya kuachana na kile kitu moja kwa moja.

Kliniki yetu sisi watu wa kamari ilikuwa siku za Jumanne, hospitali ya mjini, na benchi letu tulikuwa tunagawana na watu wa sukari na watu wa presha. Ukikaa pale utaulizwa unaumwa nini, kwa sababu kusubiri ni kurefu na watu wanataka maongezi. Mimi nilisema tumbo. Pembeni yangu alikuwa amekaa kijana wa bodaboda kutoka Kinampanda, Elibariki, ameshika kofia ngumu magotini. Mama mmoja wa presha alimgeukia.

"Na wewe baba, mbona unaonekana mzima?"

"Mimi ni kubeti, mama."

"Kubeti ndiyo nini?"

"Mpira. Nakisia nani atamfunga nani, naweka hela."

"Na huo ni ugonjwa?" Yule mama akapiga makofi mara moja. "Basi kijiji chetu kizima kilazwe! Tuanze na mwenyekiti."

Benchi zima lilicheka, na Elibariki alicheka zaidi ya wote. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Yule mama alisogea akaweka mkono wake mgongoni kwangu akauacha hapo mpaka jina langu lilipoitwa. Kama na wewe unaogopa benchi, nakwambia ukweli: benchi ndilo lililonitibu kabla ya chumba.

Ndani alikuwepo nesi Joyce, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo. Nilimwambia nataka kucheza kwa kiasi. Nilitegemea ataniwekea ukali. Akasema, "Sitakuamulia. Wapo wanaopunguza wakaweza. Wapo ambao hawapati nafuu mpaka waache kabisa. Tujaribu unachotaka wewe, tuone mwili wako utasema nini. Lakini ukija hapa usinidanganye, maana mimi sikupi alama."

Tukapanga. Siku ya Jumamosi tu, baada ya sala ya adhuhuri mpaka alasiri, na kwa hela ya mayai niliyouza mwenyewe. Siku nyingine simu inakaa kwa mama. Mama aliipenda sana kazi hiyo. Aliifunga simu kwenye pindo la khanga yake, akawa anatembea nayo mpaka shambani. Jumamosi ikifika ananiletea kwenye kisahani, pamoja na chai. "Haya, dawa yako." Athumani alimkuta siku moja akifanya hivyo, akashika kichwa. "Mama jamani! Unampa pombe mlevi kwa kijiko!"

"Kijiko si chupa," mama akamjibu.

Na kweli, kwa nje ilifanya kazi. Nilinenepa kidogo. Rehema alianza kulala chumbani kwangu, akawa ananisimulia habari za shule mpaka usingizi unamkatiza katikati ya neno. Mbele za watu nilikuwa nimepona. Lakini niwaambie kilichokuwa ndani. Jumapili nilikuwa naijutia Jumamosi. Jumatatu nilikuwa naipanga upya. Kufikia Alhamisi nilikuwa nishaanza kumwonea mama hasira kwa kuwa ana khanga. Rehema akinisimulia habari za mwalimu wake, mimi naitikia "enhe, enhe," na kichwani taa zinazunguka. Kucheza nilikuwa nacheza saa chache, ila kungojea nilikuwa nangojea wiki nzima, na kungojea ndiko kulikokuwa kunanila.

Nilimweleza nesi Joyce. Akasema, "Mwili umesema." Basi nikaacha ya simu. Kwa wale wanaofikiri ni kubadilisha simu kubwa kwa kitochi, msijidanganye, hata kitochi unabonyeza namba na unacheza. Elibariki alinionyesha jinsi ya kuiomba kampuni inifungie akaunti, tukafanya pale pale kwenye benchi, na laini yangu ikabaki kwa mama moja kwa moja. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa safari. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi.

Msimu wa alizeti ukaingia. Mnaojua Singida mnajua: mvua zikishaisha na upepo wa kipupwe ukaanza kupasua midomo, watu wanapura alizeti, na mashine za kukamua mafuta zinanguruma kuanzia asubuhi. Nilipata kazi kwenye mashine ya Mzee Ntandu, si mbali na nyumbani. Napokea magunia, napanga zamu, nasafisha mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya mafuta kutoka. Kazi nzuri. Unanuka mafuta mpaka nywele, na watu wanakuja na habari za kila kijiji.

Sasa pale kuna mazoea, na nafikiri kila mashine inayo. Mtu akimimina alizeti yake, wanaongojea zamu wanakisia. Gunia hili litatoa ndoo moja? Ndoo na nusu? Anayekosea mbali kuliko wote ananunua chai. Hakuna anayeita kamari. Bibi wa kanisani anakisia, mke wa shehe anakisia, mwenye mashine anakisia. Ni namna ya kupitisha muda, na ni namna ya kumpa moyo mwenye gunia, kwa sababu ukikisia kikubwa umemsifia shamba lake.

Na mimi nilikuwa naweza! Ule udadisi wangu wote ulipata kazi. Nilikuwa nasugua mbegu kiganjani, nang'ata moja nione kiini, nauliza imetoka shamba la udongo mwekundu au la kichanga, ilipigwa na jua la mwisho au ilivunwa mapema. Nikitaja, inakuwa karibu hapo hapo. Watu wakaanza kuningojea. "Msikisie kwanza, Hadija hajang'ata!" Mke wa shehe, Bi Sofia, mama mnene mwenye maneno, alinipa jina la daktari wa magunia. "Mpeni gunia alipime presha!"

Nilifurahi. Nitadanganya nikisema sikufurahi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, "Unaona? Kila kitu kina kiasi. Nakisia, tunacheka, tunakunywa chai, naondoka." Mama akafurahi pia. Ilikuwa neno lake limethibitika.

Chai ikageuka mashudu. Nani alianza sijui, pengine mimi. Anayeshinda anachukua debe la mashudu ya mwingine. Nayo si kitu kikubwa, mashudu ni chakula cha kuku na ng'ombe. Lakini nikaanza kuwahi kazini kabla ya mlinzi. Nikaanza kubaki baada ya zamu yangu kuona magunia ya watu nisiowajua. Chakula cha mchana nikawa nakipeleka hivi hivi nakirudisha hivi hivi.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, na Rehema alikuwa ameniomba nimsuke. Shuleni wananyoa, kwa hiyo nywele zake zilikuwa fupi, lakini likizo hiyo alikuwa ameziacha zikue kidogo, na kulikuwa na harusi ya binti wa jirani kesho yake. Nikamkalisha uani asubuhi kati ya magoti yangu. Nimefika nusu ya kichwa, mashine ikawaka kwa Mzee Ntandu, tukaisikia. Nilikuwa na mapumziko siku hiyo. Nikamwambia, "Narudi sasa hivi."

Kulikuwa na mzee ameleta alizeti kutoka mbali, magunia mengi, na watu wamejaa. Nikang'ata ya kwanza. Nikashinda. Nikang'ata ya pili. Nilikuwa nashinda siku ile kama vile nilikuwa ndani ya mbegu. Jua lilizunguka upande wa pili wa kibanda na mimi sikuliona likizunguka. Nilirudi nyumbani jioni nimebeba mashudu kichwani na mengine yanasukumwa kwenye baiskeli na kijana wa watu, naimba.

Rehema alikuwa amekaa pale pale uani juu ya kigoda. Upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama, kitambaa kimelala mapajani. Bibi yake alikuwa nyuma yake anajaribu kumalizia, na mama yangu macho hayaoni tena karibu na mikono inatetemeka, kwa hiyo mistari ilikuwa inakwenda kama njia ya ng'ombe.

"Tangu mchana alikuwa anakataa nimalizie," mama akasema. "Anasema umesema unarudi."

Nikashusha mzigo. "Mama, nimeshinda. Angalia, kuku watakula mpaka mvua."

Mama hakutazama mashudu. Alinitazama mimi. Akanishika kidevu kama mtoto, akageuza uso wangu kwenye mwanga uliobaki. Macho yalikuwa yamenitoka, midomo imekauka, mikono ya baridi. Sikuwa nimekula tangu jana yake, na sikuwa na njaa.

"Umeshinda?" akauliza.

"Nimeshinda."

"Ungeshindwa ningesema kiasi. Lakini umeshinda, na tazama ulivyo." Kisha akasema maneno mengine kwa Kinyaturu, polepole, maneno ambayo mtu anamwambia mgonjwa. Akaniomba radhi. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba radhi mtu aliyemzaa, alisema alinishikia simu kwenye khanga akadhani ameushika ugonjwa, na alinipeleka kwenye hili la mashine kwa kinywa chake. Nikamwambia hapana mama, hapana. Tulishikana pale uani wote wawili tunanuka mafuta na ugoro.

Rehema aliinuka kwenye kigoda. Akaingia chumbani kwangu, akatoka na nguo zake, akaingia kwa bibi yake. Hakupiga mlango. Harusini alikwenda na kitambaa kichwani.

Jumanne iliyofuata nilimwambia nesi Joyce kila kitu, hata kuimba. Nikamuuliza, "Sasa kukisia gunia la alizeti nako ni kubeti?" Akauliza, "Kwa Bi Sofia?" Nikasema hapana. "Kwako?" Nikasema, "Nataka kuacha kabisa." Akasema, "Kabisa ni nini? Niambie mpaka uione." Tukakaa tukaitaja. Simu, mashine, mpira, karata, mashudu, chai. Mpaka kukisia basi gani litafika kwanza stendi, kwa sababu nililifanya hilo nikiwa nakuja. Nilihisi kama mtu anayehamisha vitu vyake vyote nje ya nyumba, na kila kinachotoka anagundua alikuwa anakipenda.

Kurudi kazini kulikuwa kugumu kuliko kliniki. Nilisimama mbele ya magunia nikasema, "Jamani, kuanzia leo mimi msinikisishe. Nina ugonjwa wa kamari. Kwa wenzangu ni mchezo, kwangu unaniumiza."

Halafu mmoja: "Ameokoka huyu!"

"Hadija, hata ukiulizwa kama mvua itanyesha hujibu?"

"Atasema mpaka aulize Dodoma!"

Wakanitania siku nyingi. Nikawaacha. Mikono yangu ilitaka kung'ata, kama mikono inaweza kutaka kung'ata. Wengine walidhani naringa. Mzee Ntandu alinisogeza upande wa kuchuja mafuta, mbali na mizani, na hakunieleza kwa nini, akasema tu kule kunahitaji mtu mwangalifu. Nilikuwa nasikia vicheko vya kukisia nyuma ya ukuta, na kuna siku nilishika ndoo kwa nguvu mpaka mkono wake ukaacha alama kiganjani.

Kisha siku moja akaja mgeni kutoka upande wa Mkalama, alikuwa amesikia sifa zangu. Akanifuata kulekule kwenye kuchuja na konzi ya mbegu. "Daktari, hebu nipimie hii." Kabla sijafungua mdomo, Bi Sofia aliinuka kwenye gunia lake, na kwa yeye kuinuka si jambo dogo.

"Huyo muache baba. Anaumwa. Lete nikukisie mimi."

Alilisema vile mtu anavyosema fulani ana malaria. Hakuna kejeli, hakuna huruma ya kujionyesha. Akachukua zile mbegu, akang'ata, akakisia vibaya kabisa, akanunua chai ya watu wote. Mimi niliendelea kuchuja. Nimepokea dawa nyingi katika ugonjwa huu, na hiyo naiweka karibu ya juu.

Kwa haki nimtaje Elibariki. Yeye hakuacha. Anaweka mkeka mmoja wa mpira Jumamosi, yaani ubashiri mmoja wa mechi, mdogo, kisha anapakia abiria wake anasahau, na matokeo anasikia kwa watu. Nimemtazama kwa karibu, maana nilitaka kujua kama anadanganya. Hadanganyi. Amenunua viti vipya vya nyumbani na mke wake anamtania mbele yetu. Nilimwonea wivu sana. Nikamuuliza, "Unafanyaje?" Akasema, "Hata sijui, dada. Kinaniachia tu." Kwangu hakiachii. Kwa hiyo usichukue haya yangu ukampige nayo mtu anayeweza kiasi, wala usichukue kiasi cha mwenzako ukajipimie wewe. Mtazame mtoto wako anavyokutazama ukirudi nyumbani. Mimi hapo ndipo niliposoma.

Kiangazi kikawa kirefu. Ziwa Singidani lilirudi nyuma likaacha ukingo mweupe wa magadi, tukawa tunalitazama kutoka kwenye gari siku za kliniki. Rehema bado alikuwa analala kwa bibi yake. Hakuwa na hasira. Alinipa salamu, alinipakulia ugali, alinionyesha madaftari. Alikuwa ananitendea vizuri kama mgeni, na hilo liliniuma kuliko kununiwa.

Mwezi mmoja mama aliumwa miguu, shule zilikuwa zimefungwa, nikalazimika kwenda na Rehema kliniki. Akakaa kwenye benchi kati yangu na mzee wa sukari, miguu haifiki chini. Alisikiliza wakubwa wakiulizana magonjwa. Safari hii nilipoulizwa nilisema kamari. Rehema akaninong'oneza.

"Mama, ugonjwa wako unaambukiza?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu na mimi napenda kukisia. Shuleni tunakisia mwalimu atavaa shati gani."

Nilitaka kusema hapana, hauambukizi kabisa. Lakini sikujua, na nilikuwa nimechoka kusema vitu nisivyovijua. "Sijui vizuri," nikasema. "Tutamuuliza nesi pamoja. Wengi wanakisia na hawaumwi. Ukiona kukisia kunakunyima kula au kucheza, njoo uniambie mimi kwanza. Mimi nitakuelewa kuliko mtu yeyote."

Akafikiri. Nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa. "Ndiyo maana ulihamia kwa bibi? Uliogopa kuambukizwa?"

"Hapana," akasema. Alinitazama kama ananionea huruma kwa kutokujua. "Nilihama kwa sababu ulisema unarudi sasa hivi."

Yule mzee wa sukari alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Rehema, sitakuahidi kitu," nikasema. "Nikikuahidi utaanza kungojea tena."

"Basi usiahidi. Ukienda mahali sema unakwenda. Usiseme sasa hivi."

Tukakubaliana hivyo. Nesi Joyce alipotuita alimjibu Rehema swali lake taratibu, ana kwa ana, kama anaongea na mtu mzima. Tangu siku hiyo nikitoka nasema, "Rehema, nakwenda kwenye mashine," naye anaitikia, "Haya." Nikirudi sisemi kitu. Anaona tu nimerudi. Nilikuwa sijui kama kurudi nyumbani bila maneno ni kazi ngumu namna hiyo, wala kama mtu anaweza kuizoea.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo, zikatuangushia mabati mawili ya banda la kuku. Tulipanda alizeti yetu, mama akiwa amekaa kwenye kiti mwisho wa mstari anatuamrisha. Nilipanda bila kusema shamba litatoa nini. Mama naye hakusema, na mama hupenda sana kusema.

Jioni ya siku hiyo ya kupanda nilikuwa naanika sketi yangu kwenye kamba ndani ya chumba, kwa kuwa nje kulikuwa bado kunanyesha. Rehema akaingia na shuka lake chini ya kwapa, miguu ina udongo mwekundu mpaka magotini. Akaliweka kitandani upande wa ukutani.

"Nitalala huku," akasema.

"Karibu. Tukalete na nguo zako?"

"Hapana. Nguo zibaki kwa bibi kwanza. Na begi la shule."

"Zibaki kwanza," nikasema.

Mimi, ambaye nusu ya kitu inaniua, nilisimama pale na sketi mbichi mkononi, na nusu hiyo niliyopewa na mwanangu nikaipokea yote. Akapanda kitandani na miguu yake michafu. Akasema mwalimu mpya wa hesabu ana mwanya, na akianza kukasirika anapiga mluzi bila kujua. Nikakaa pembeni yake, nikamuuliza anapigaje huo mluzi, na akanionyesha.